Saa Tano Aliyosingiziwa Zulmira

Wasikilizaji wapendwa, mlioko hapa Brava na mlioko ng'ambo, karibuni tukae pamoja. Hapa kisiwani ni saa kumi alasiri. Kwenu Brockton, Marekani, ni saa saba mchana. Nimeanza na saa makusudi. Mtu tunayemkumbuka leo asingependa tuanze na kitu kingine.

Abílio Senna amefariki. Najua wengine mnajiuliza ni nani huyo. Ni Nhô Bilo, yaani Bwana Bilo. Nhô Bilo wa tanuri la mikate, pale juu Nova Sintra, karibu na uwanja. Tumemzika Jumanne. Alikuwa na miaka sabini na minne.

Nilipokwenda kuwapa pole wafiwa, binti yake Ivone alinishika mkono akaniambia, "Baba aliacha neno. Alisema, wakinisema redioni, wasinipake sukari. Waseme na lile la Zulmira." Nikatoka pale nikaenda kwa Zulmira mwenyewe, maana jambo ni lake kuliko la mtu yeyote. Alikuwa anaanika mahindi uani. Hakuinua kichwa. Akasema, "Sema. Lakini useme lote. Ukikata katikati, mimi nazima redio."

Basi, wasikilizaji wapendwa, tutasema lote.

Nhô Bilo alizaliwa hapa hapa, mtoto wa kwanza wa Nha Marcelina, Bi Marcelina. Walikuwa wanne. Watatu walikwenda Marekani, mmoja baada ya mwingine. Yeye naye alijaribu. Alishuka bandarini Furna na sanduku lake, akavuka hadi Praia kuomba ruhusa ya kusafiri, akarudi na sanduku lile lile. Akajaribu tena, akarudi tena. Mara ya tatu Nha Marcelina akamwambia, "Bilo mwanangu, labda Mungu ameona na mimi nahitaji mtu wa kunizika." Hakujaribu tena. Akajenga tanuri.

Dada yake Deolinda, yule aliyefuatana naye kuzaliwa, akamletea ndani ya pipa la zawadi saa mbili za ukutani zinazofanana. Nhô Bilo akazitundika juu ya meza ya mikate. Moja aliandika chini yake BRAVA. Ya pili akaandika BROCKTON. Wenzake walikwenda Marekani, yeye akabaki na saa ya Marekani.

Na saa ile aliipenda jamani! Kila mtu Nova Sintra alikwenda kununua mkate na kuuliza saa.

"Nhô Bilo, wifi yangu kaamka?"

"Bado. Mwache alale, alikuwa na zamu ya jioni."

"Alale nini? Pipa langu lipo wapi?"

"Subiri kidogo basi. Ukimwamsha saa hizi, pipa litakuja na mawe."

Watu wakicheka, naye anacheka, unga umemjaa kwenye nyusi. Na hakuwa anabahatisha. Mnajua jinsi mambo yalivyo. Sisi saa zetu hatuzigusi, mwaka mzima ni zile zile. Wenzetu wa Marekani, siku za joto wanazisogeza mbele, baridi ikikaribia wanazirudisha nyuma. Kwa hiyo siku za joto tunawatangulia kwa saa tatu. Siku za baridi tunawatangulia kwa saa nne. Tatu, halafu nne. Wengi wetu huchanganya hapo. Nhô Bilo hakuchanganya. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Novemba, kabla ya misa, alipanda juu ya stuli, akarudisha mshale wa Brockton, akashuka. Siku hiyo alimwambia kila aliyeingia, "Leo wamerudi nyuma. Kumbukeni, ni nne sasa, si tatu." Alisema kama mtu anayetangaza habari za nyumbani kwake.

Sasa tumtaje Zulmira. Zulmira Lomba. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee ambao watoto wao wako ng'ambo. Aliwaosha, akawapikia, akawapa dawa zao kwa wakati, na jioni akapokea simu kutoka Marekani: "Mama kala? Baba kalala?" Kazi yake yote ilipitia kwenye simu, na mtaji wake ulikuwa mmoja tu: aliaminika. Miaka ya mwisho ya Nha Marcelina, mama yake Nhô Bilo, ni Zulmira aliyemtunza.

Nha Marcelina alifariki Jumamosi moja asubuhi, mwanzoni mwa Novemba. Ni miaka kumi na mitano sasa. Mnakumbuka siku zile hapakuwa na pa kumhifadhi maiti. Mtu akifa leo, kesho anazikwa. Meli ilikuwa imeharibika, na hata kama isingeharibika, nani angetoka Brockton akafika Brava kwa siku moja? Kwa hiyo watoto wa Marekani waliomba kitu kimoja. Simu iwekwe pembeni ya kaburi. Wao watakusanyika nyumbani kwa Deolinda, watapiga wakati jeneza linashushwa, na kila mmoja atamuaga mama yake kwa sauti yake. Kitu hicho kimoja tu.

Mazishi yalipangwa Jumapili, saa nane mchana.

Jumamosi hiyo Deolinda alipopiga simu kuuliza muda, Zulmira ndiye aliyepokea. Nhô Bilo alikuwa uani na mafundi, wanapima mbao za jeneza. Zulmira akachungulia dirishani. "Nhô Bilo, Deolinda anauliza wapige saa ngapi ya kwao?"

Nhô Bilo akajibu bila kugeuka, "Mwambie saa tano!"

Zulmira akarudi kwenye simu. "Kasema saa tano."

Saa nane yetu, saa tano yao. Tofauti ya saa tatu. Kwa Jumamosi ile ilikuwa sawa kabisa. Lakini mazishi yalikuwa Jumapili, na Jumapili ile ilikuwa ya kwanza ya Novemba. Kesho yake Marekani walirudisha saa nyuma. Saa nane yetu ikawa saa nne yao. Nhô Bilo, ambaye hakuwahi kukosea hata mwaka mmoja, alikuwa amefiwa na mama. Alisahau.

Jumapili, makaburini. Jeneza liko tayari. Zulmira amesimama ukingoni ameinua ile simu ndogo, kama mtu anayewasha taa. Ilikuwa simu ya kupokea tu. Haikuwa na salio la kupiga ng'ambo. Ikawa kimya. Padri akatazama ukungu unaoshuka mlimani. Nhô Bilo akasema, "Padri, kidogo tu. Watapiga. Ndugu zangu sikuanza kuwajua leo." Wakangoja. Simu kimya. Padri alikuwa na maziko mengine upande wa Nossa Senhora do Monte. Mwishowe akasema kwa upole, "Abílio, marehemu hawezi kungoja zaidi." Udongo ukarudishwa.

Simu ililia wakati watu wapo nyumbani wanapewa supu ya kuku na wali. Zulmira alikuwa na sinia mkononi, kwa hiyo Nhô Bilo akaipokea mwenyewe. Akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Kaka, tupo tayari," ilisema sauti ya Deolinda. "Tumevaa, tumekaa wote. Mweke mama karibu."

 Kijiko kikagonga sahani mahali fulani.

"Kaka? Hiyo ni sauti ya nini? Mnakula?"

"Deolinda, tumeshamzika."

"Mmemzika vipi? Si saa tano hii? Ni saa tano kamili! Mlisema saa tano!" Nyuma yake sauti ya mtu ikasema, "Si usiku wa kuamkia leo tumerudisha saa." Kisha watu watatu wakaanza kulia kwa pamoja, huko Brockton, ndani ya simu, katikati ya sahani za supu.

Nhô Bilo alielewa pale pale. Ivone anasema alimwona baba yake akibadilika rangi. Watu wote wa Nova Sintra walikuwa wanamtazama, watu wale wale waliomuuliza saa miaka yote. Naye akafungua mdomo akasema, "Mimi nilisema saa nne. Zulmira ndiye aliyewaambia tano."

Zulmira alikuwa mlangoni na sinia lake.  Nilimuuliza wiki hii, kwa nini hukusema? Akanijibu, "Nyumba ya msiba ile. Na yule alikuwa mtoto wa marehemu. Nilidhani atarekebisha kesho."

Jioni ile, kabla giza halijaingia, Nhô Bilo alitoka msibani akaenda peke yake kwenye tanuri. Saa ya Brockton ilikuwa bado inasema tofauti ya saa tatu, na mtu yeyote angeingia angeiona. Akapanda juu ya stuli. Mkono ukiwa kwenye mshale, mlango ukafunguka. Ni Zulmira, ametumwa mikate ya wageni.

Alimtazama yeye. Akaitazama saa. Akasema, "Mikate ya wageni, Nhô Bilo."

Nhô Bilo akashuka. Akaitia mikate kwenye kapu, mmoja ukamponyoka, akauokota, akaufuta. 

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Nhô Bilo haikuwa fupi, wasikilizaji wapendwa. Aliitembea miaka minne.

Kwanza lilikuja jina. Mnalijua, na wengine wetu tulilitamka huku tunacheka: Zulmira Saa Tano. "Saa Tano, unakwenda wapi?" "Saa Tano, misa ni saa ngapi, au tukuulize ukatudanganye?" Halafu kazi ikaanza kuondoka. Deolinda alisimulia kanisani kwao Brockton, na waliosikia wakapiga simu nyumbani. Walisema jambo linaloingia akilini: anayechanganya saa ya mazishi atachanganya na saa ya dawa. Nyumba ya kwanza ikamwondoa kwa adabu, ya pili bila adabu, na baadaye hapakuwa na nyumba. Zulmira, mwenye mikono ile ya kugeuza wagonjwa, akaenda kubeba mawe kwenye ujenzi wa barabara ya kushukia Furna.

Na kila asubuhi alipita kununua mkate. "Minne, Nhô Bilo." "Haya, Zulmira." Basi. Ivone, aliyekuwa akimsaidia baba yake dukani, anasema akiona kilemba cha Zulmira kinakuja, baba yake alikumbuka ghafla kuchochea moto. Alikuwa na moto mwingi wa kuchochea miaka hiyo. Na watu walipomuuliza saa ya Marekani alijibu chini kwa chini, bila mzaha. Walidhani ni majonzi ya mama.

Mwaka wa tatu Deolinda alikuja kwa sikukuu ya São João. Uwanja umejaa, ngoma zinalia, na Nhô Bilo amesimama karibu na dada yake na kapu la mikate ya sikukuu. Zulmira akapita na mama yake mzazi, Nha Liberata, bibi mzee aliyekuwa akitembea kwa kumshika bega. Deolinda akamwona.

"Saa Tano!" alisema kwa sauti. "Bado unahesabu?"

"Habari za siku nyingi, Deolinda," Zulmira alisema.

"Usiniamkie. Mama yangu alikulisha, ukatunyima hata kumuaga. Hata pole hujawahi kusema."

Nha Liberata akamgeukia binti yake mbele za watu. "Muombe radhi, mwanangu. Mtu mzima akikosea huomba radhi."

"Mama, nilisema nilichoambiwa."

"Kila siku unasema hivyo." Yule bibi akainamisha kichwa kwa haya, akamwambia Deolinda, "Nisamehe mimi, basi. Mimi ndiye niliyemlea."

Nhô Bilo alikuwa hatua moja kutoka pale. Alijua neno la kusema, akahamisha kapu mkono wa pili. Alikuja kusema mwenyewe baadaye kwamba uongo wa kwanza ulimtoka kama mtu anavyojikwaa, lakini ule wa São João aliuchagua.

Mwaka uliofuata Nha Liberata akafariki. Nhô Bilo alioka mikate ya msiba ule akapeleka mwenyewe, makapu mawili, kabla hajaulizwa. Zulmira alitoka kupokea. Alivaa meusi, mikono yake ina sugu za mawe. Akaangalia makapu. Na kwa mara ya kwanza katika miaka minne akalitaja.

"Mikate umeleta," alisema. "Lile lingine hujaleta."

Nhô Bilo alirudi nyumbani akampigia Deolinda simu. Akamwambia lote: uani, dirishani, saa tano, stuli.  Deolinda akasema, "Na yule bibi aliniomba radhi mimi. Uwanjani. Na wewe umesimama na mikate." Akaendelea, "Kaka, ulilisema mbele ya watu. Usije kunirudishia mimi peke yangu kwenye simu."

Ndipo alipokuja hapa studioni. Kilikuwa kipindi cha salamu, kile kinachosikilizwa pande zote mbili. Alivaa koti la misa, na unga bado upo kwenye kucha. Tukampa kiti, akakataa, akasema jambo hili halisemwi kwa kukaa. Na alisema hivi, maneno yake haya hapa:

"Mimi Abílio Senna wa tanuri. Zulmira Lomba hakukosea. Niliyesema saa tano ni mimi. Marekani walirudisha saa nyuma, nikasahau. Kusahau kungesamehewa siku ile ile. Lakini nilimsingizia. Zulmira alisema nilichomtuma. Kazi yake imekufa kwa ajili yangu. Mama yake amekufa akimwonea haya mwanawe, kwa ajili yangu. Anayetaka kumwita mtu Saa Tano, aniite mimi."

Na tulimwita, wasikilizaji wapendwa. Sisi hatukosi pa kucheka. Kuanzia wiki ile aliitwa Nhô Saa Tano, hata na wateja wake, hata mbele ya wageni. Aliitika. "Naam," alisema, akawafungia mkate. Wengine walihama, wakawa wanaoka wenyewe nyumbani. Ile saa ya Brockton aliishusha ukutani. Ivone alimuuliza kwa nini, akasema hana haki ya kuwaambia watu ni saa ngapi.

Zulmira alirudishiwa wazee wake, si wote, mmoja mmoja. Deolinda alisafiri makusudi, akampigia magoti uani kwake, akainuliwa. Lakini Nhô Bilo alipokwenda yeye pia, akiwa na kofia mkononi, Zulmira alimjibu kwa ufupi tu. "Nimesikia redioni," alimwambia. "Mama hakusikia."

Nhô Bilo akavaa kofia yake, akarudi kwenye tanuri. 

Hawakuwa marafiki baada ya hapo, na atakayewaambia walikuwa marafiki anawadanganya. Zulmira alinunua mkate, akasalimiwa, akaitikia. Miaka ikapita hivyo.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, Nhô Bilo akapooza upande mmoja. Ivone alitaka kumwita Zulmira, maana hakuna ajuaye kazi ile kama yeye. Baba yake akakataa kwa macho na kwa mkono ule mmoja. "Asije. Asinione hivi." Wakaleta mtu mwingine, akashindwa. Siku moja Zulmira akaja bila kuitwa, akavua viatu mlangoni, akauliza maji ya moto yapo wapi. Ivone akaanza kumshukuru. Akamkatiza: "Mimi kazi yangu ni wagonjwa. Mtanilipa kama wengine."

Alimtunza miezi minne. Ivone anasema baba yake hakuwahi kumtazama usoni. Kila akioshwa aligeukia ukuta. Mara nyingine machozi yalimtoka, na Zulmira aliyafuta kwa kitambaa kile kile cha kumwoshea, kama vile ni maji tu.

Siku chache kabla hajafa, ulimi ukiwa mzito, alimuuliza, "Zulmira. Umenisamehe?"

Nilimuuliza Zulmira alijibu nini. Alikuwa bado anatandaza mahindi yake.

"Nilimwambia, geuka, nikuoshe upande wa pili."

"Maana yake ulimsamehe?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu asiye na kazi. "Maana yake nilimwosha."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote hapa, tunampa pole Ivone na watoto wake. Tunampa pole Deolinda na ndugu zake huko Brockton. Na tunampa pole Zulmira Lomba, ambaye hatukumpa pole wakati ule. Jina lake ni Zulmira Lomba. Hakukosea saa. Nalirudia, kwa wale waliofungua redio sasa hivi: hakukosea.

Nhô Bilo alituachia mikate mizuri ya miaka arobaini, na alituachia hili. Kama kuna mtu uliyemchafulia jina, na unamjua, na mama yake angali hai, usingoje kesho. Vaa viatu. Nenda ukamwambie yule mama kwanza.